Koti Kitini

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafuatilia hati katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Siku tatu mfululizo nilikuta koti la kijivu limetundikwa kwenye mgongo wa kiti, miwani imewekwa juu ya faili lililofunuliwa, na kikombe cha chai kimenywewa nusu. "Yupo, ametoka kidogo," aliniambia jirani yake wa meza siku ya kwanza. Siku ya pili akanijibu vilevile. Siku ya tatu sikuuliza. Nilikaa kwenye benchi nikiliangalia lile koti mpaka saa tisa na nusu, watu walipoanza kufunga madirisha.

Jumamosi ya wiki ile nilimsindikiza dada yangu kwenye kikoba chake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mhazini alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa, aliyefika kabla ya wenzake wote na kupanga viti mwenyewe. Alihesabu fedha mara mbili mbele ya wanachama, akaandika, akasoma alichoandika kwa sauti. Hesabu ya mama mmoja ilipopungua shilingi mia tano, kikao kizima kilisimama. Hakukubali mtu amwambie "iache, ni mia tano tu." Alirudia daftari kuanzia juu hadi mia tano ile ilipopatikana kwenye mstari wa mwezi uliotangulia.

Jumatatu niliporudi ofisini nilimkuta mhazini yule yule amekaa kwenye kile kiti, kavaa lile koti.

Tulizoeana baadaye, na siku moja nikamuuliza bila kuzunguka: kaka, kule kikobani unakesha kwa ajili ya mia tano, hapa watu wanalala kwenye benchi, kulikoni? Hakukasirika. Alifikiri kidogo akasema, "Kule hela ni ya mama wa maandazi. Namjua, na mwanawe namjua. Ikipotea, sura yake nitaiona kila asubuhi. Hapa hela ni ya nani?"

Sijawahi kusoma maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu mwenendo wa mfanyakazi kazini. Tumezoea kusema mtumishi mzembe hana maadili, kana kwamba maadili ni kitu ambacho mtu anacho au hana, kama cheti. Bwana yule maadili alikuwa nayo tele. Alikuwa mwaminifu, mwenye mpangilio, mwenye aibu ya kweli mbele ya watu aliowakosea. Ila aliyaacha getini, kwa sababu kazi aliyoingia kuifanya hakuihesabu kuwa yake wala ya mtu anayemjua. Hoja yangu katika makala hii ni hiyo: swali la kwanza si mfanyakazi ana tunu gani. Ni tunu zipi anazoona inafaa kuingia nazo kazini, na ni nani aliyemfundisha kuziacha nyingine nje.

Nitenganishe maneno mawili kabla ya kwenda mbali. Tunu ni jambo ambalo mtu analiona la thamani popote alipo: heshima, haki, udugu, uaminifu, jina jema. Mtazamo ni jinsi anavyoelekea kitu fulani mahususi: bosi huyu, mshahara huu, ofisi hii, mteja huyu aliyesimama dirishani. Tunu hukaa muda mrefu na hubadilika kwa shida. Mtazamo hubadilika, wakati mwingine ndani ya wiki moja, akiletwa msimamizi mpya. Mtu anayethamini haki kuliko vyote, akiona ofisi yake inapandisha vyeo kwa kujuana, hataacha kuthamini haki. Atabadilisha mtazamo wake kuhusu ofisi, na kuanzia hapo mikono yake itakuwa mizito. Ukimtazama kwa nje utaona mvivu. Kwa ndani ni mtu anayedai haki kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na Kiswahili kina jina zuri kwa hali hiyo: mgomo baridi.

Mtazamo wetu kuhusu kazi ya kuajiriwa una historia, na historia hiyo imejificha ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku. Chukua neno kibarua. Limetokana na barua, yaani kikaratasi. Katika miji ya pwani karne ya 19, watumwa waliopelekwa kufanya kazi za kutwa kwa watu wengine waliitwa vibarua, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Chukua kipande. Nchini Kenya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910, mwanaume Mwafrika aliyeondoka kwao kutafuta kazi alitakiwa kuvaa kipande ndani ya kikebe cha chuma shingoni, kikiwa na alama zake za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, na asingeweza kuondoka kwa mwajiri mpaka kisainiwe. Chukua manamba wa mkonge wa Tanga na Morogoro, watu waliotolewa Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi, wakaandikiwa namba na kusafirishwa. Kuanzia 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi nzima ya kuwakusanya, iliyoitwa SILABU. Namba ikageuka jina la mtu. Hakuna hata moja katika maneno hayo matatu linalotaja ustadi, wala bidhaa, wala mtu anayehudumiwa. Yote yanataja karatasi ya mwenye mali.

Ndiyo maana wahenga wa pwani walituachia ile methali ngumu: mtumikie kafiri upate mradi wako. Tunaitumia kirahisi siku hizi, lakini ukiisikiliza vizuri ni nadharia kamili ya ajira. Inasema kazi ni ya mwingine, mwingine huyo si wa imani yako, hutakiwi kumpenda wala kumwamini, nawe uko pale kwa ajili ya mradi wako ulio mahali pengine. Kwa mtu aliyelipwa kidogo na kudharauliwa sana, ilikuwa busara ya kubaki hai na akili timamu. Tatizo ni kwamba kafiri aliondoka mwaka 1961 kwetu, 1963 kwa majirani zetu Kenya, na methali ikabaki ofisini.

Mwanazuoni wa Nigeria, Peter Ekeh, aliliandika jambo hili mwaka 1975 kwa namna ambayo hadi leo sioni aliyemzidi. Alisema Mwafrika aliyesoma anaishi katika nyanja mbili za umma. Moja ni ya ukoo, kijiji, kabila, chama cha mazishi. Huko ana wajibu na anautimiza hata kwa kujinyima. Ya pili ni ya serikali, iliyozaliwa na ukoloni. Huko anachukua bila kujiona mkosaji, maana hakuwahi kuiona kuwa yake. Mtu ni mmoja, dhamiri ni moja, lakini milango ni miwili. Bwana wa koti la kijivu alinieleza hayo hayo kwa sentensi nne bila kumsoma Ekeh.

Hata hivyo historia peke yake haitoshi kueleza, kwa sababu nchi yetu iliwahi kujaribu kwa dhati kubadilisha mtazamo huo, na yaliyotokea yanastahili kukumbukwa zaidi ya tunavyoyakumbuka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Viwanda vikubwa na mabenki yakawa mali ya umma. Kisha Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda, chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 iliwaambia viongozi kwamba ni mwiko kwao kuwa na majivuno, kupenda makuu, kudharau watu na kuwanyanyasa. Ilikuwa kauli ya tunu, kama zile tunazozibandika siku hizi ukutani chini ya vichwa vya Dira na Dhamira. Tofauti ni kwamba safari ile wafanyakazi waliisoma, wakaiamini.

Kati ya 1971 na 1973 kulikuwa na makumi ya migomo viwandani, mingi Dar es Salaam. Wakati ule mgomo ulikuwa umebanwa na sheria tangu 1962, na chama pekee cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa upande wa serikali. Kinachonigusa ni madai yao. Migomo mingi haikuanza na mshahara. Ilianza na meneja anayetukana, meneja anayewaita watu wazima kama watoto, meneja anayefukuza kwa hasira ya asubuhi. Wafanyakazi waliinukuu Ibara ya 15 kwa meneja mwenyewe. Mahali pengine walimfungia nje, wakamwambia arudi kwao, wakaendelea na uzalishaji. Hebu tulia hapo kidogo. Watu walewale ambao ripoti za wakati ule ziliwaita wavivu na wasio na nidhamu, walimtoa meneja ili wafanye kazi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika mbali zaidi: walikitwaa kiwanda chenyewe wakakiendesha.

Serikali iliogopa. Baadhi ya waliofuata mfano huo walikutana na polisi, wengi wakafukuzwa kazi, wengine wakarudishwa makwao. Moto ukazimika.

Wachambuzi wengi huyaeleza haya kama mapambano ya kitabaka, na sina ugomvi nao. Mimi nayasoma pia kama somo kuhusu mwenendo kazini. Kwa miezi ile michache mfanyakazi wa Kitanzania aliambiwa kwamba heshima, tunu aliyoithamini kuliko zote nyumbani kwake, ilikuwa na haki ya kuingia kiwandani. Mwenendo wake ukabadilika mara moja, bila semina wala posho. Kisha akaonyeshwa kwamba maneno yale yalikuwa na mpaka. Yalipoanza kumgharimu mkubwa, yalikoma. Naamini mazoea ya kusikia neno "uadilifu" mkutanoni na kuinamisha kichwa yalipata mizizi pale. Mtu aliyeamini tunu za ofisi yake mara moja akaadhibiwa kwa kuziamini, hufundisha wanawe wasizisikilize. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza ile miiko ya uongozi, na wengi wa waliokuwa makazini hawakushangaa.

Tangu hapo dawa tuliyoipenda zaidi ni hofu. Tarehe 6 Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alitembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha, akakuta baadhi ya viti vitupu. Nchi nzima ilishangilia, nami nilishangilia, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na benchi lake alilokalia akisubiri koti lizungumze. Mwaka uliofuata wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 walikuwa wameondolewa kwenye orodha ya mishahara. Aprili 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hayo yalikuwa maovu ya kweli na yalihitaji mkono mzito.

Lakini hofu inarudisha mwili kitini, na kazi nyingi haziko kwenye mwili. Watumishi niliozungumza nao miaka ile waliniambia jambo moja kwa maneno tofauti: walifika saa moja na nusu kamili, wakasaini, na hawakuamua kitu. Kila dokezo lilipandishwa juu. Afisa aliyekuwa na mamlaka ya kusaini kibali aliona usalama wake uko katika kutosaini. Mwananchi alimkuta mtu kitini, kisha akaambiwa "subiri maelekezo," na maelekezo yalikuwa mbali kuliko yule aliyetoka kidogo. Shuleni ni vilevile. Uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za Tanzania na Kenya umeonyesha kwamba kuna pengo kubwa kati ya mwalimu kuwapo shuleni na mwalimu kuwapo darasani akifundisha. Daftari la mahudhurio linakamata pengo la kwanza. La pili halina daftari.

Ushahidi ulio mzuri kuliko wote ninaoujua kuhusu pengo hili umetoka kwetu, Arusha, na ni ajabu jinsi tunavyoutaja kidogo. Watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, waliwafuatilia madaktari na waganga wa zahanati na hospitali za mkoa ule. Kwanza walipima wanachokijua: mtu anaigiza mgonjwa, mganga anaeleza angemuuliza nini, angempima nini. Kisha wakaangalia anachofanya mgonjwa wa kweli anapoingia. Waganga wengi walifanya pungufu ya walichokijua. Maswali waliyoyajua hawakuyauliza, vipimo walivyovijua hawakuvifanya. Elimu ilikuwapo, lakini haikufika mikononi.

Halafu likaja jambo la pili. Mtafiti alipoingia chumbani na kukaa, kazi ilipanda ubora palepale, na baada ya wagonjwa kadhaa, mganga alipomzoea mgeni, ikashuka kurudi ilipokuwa. Hiyo ndiyo hofu, au tuseme aibu ya kutazamwa, ikipimwa kwa saa. Ziara ya kushtukiza ina nguvu hizo hizo na uhai huo huo mfupi. Na la tatu, linalonipa moyo: mwenzao wa taaluma alipowatembelea na kuwaomba tu, kwa maneno, wazingatie mambo fulani wanapomhudumia mgonjwa, ubora ulipanda bila mshahara kuongezwa. Palikuwa pia na wachache waliofanya kila walichokijua, awepo wa kuwatazama au asiwepo.

Mimi nawafikiria sana wale wachache. Ni rahisi kusema waliumbwa hivyo. Lakini wengi wetu tumefanya kazi karibu na mtu wa namna hiyo, na tukimkumbuka vizuri tutakumbuka pia kilichokuwa kinamgharimu. Wenzake walimwita mnoko. Aliambiwa anajipendekeza, anataka kuwaharibia wengine, anajifanya ofisi ni ya baba yake. Neno hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu lina methali ya kafiri ndani yake: linahesabu kuijali kazi kuwa ni kudai umiliki usio wako. Kundi la wafanyakazi lina tunu zake, na tunu ya kwanza ya kundi lililokata tamaa ni kwamba mtu asizidi. Mgeni anayeanza kazi Jumatatu akiwa na moto, mpaka Ijumaa ameshafundishwa spidi ya ofisi. Hakuna mkuu wa rasilimali watu anayefundisha kwa haraka kiasi hicho.

Sasa niguse jambo ambalo wahubiri wa maadili huliruka. Mara nyingi kosa la mfanyakazi halitokani na kukosa tunu. Linatokana na tunu mbili kugombana ndani ya mtu mmoja.

Mfikirie muuguzi wa hospitali ya wilaya. Foleni imeanza alfajiri. Saa nne anafika mama mtu mzima, jirani wa mama yake, aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Anamwita, "Mwanangu, sijiwezi." Maadili ya kazi yanamwambia: kila mtu kwa namba yake. Malezi yake yanamwambia kitu kingine, na malezi hayo ni mema. Ndiyo yaliyomfanya achague kazi ya kuuguza watu. Akimpitisha mbele, amewadhulumu arobaini waliolala wakisubiri. Asipompitisha, jioni habari itakuwa imefika nyumbani: siku hizi amejisahau, amekuwa mtu wa ofisi, hata wazazi hawajui. Gharama ya kuvunja kanuni ya hospitali ni ndogo na haina uhakika. Gharama ya kuvunja udugu ni kubwa na inalipwa usiku huohuo.

Ukimletea muuguzi huyo semina ya siku mbili kuhusu uadilifu, unamwambia jambo analolijua tayari. Hana upungufu wa tunu. Ana upungufu wa kitu cha kumkinga ili aweze kusema hapana bila kumvunjia mama heshima. Mashine ya namba inamkinga: "Mama, si mimi, ni mashine." Dirisha la wazee, lililoandikwa wazi na kusimamiwa kweli, linamkinga zaidi, kwa sababu linaipa heshima ya wazee nafasi halali ndani ya kanuni badala ya kuiacha ipite kwa mlango wa nyuma. Hapo kanuni ya kazi na malezi ya nyumbani vinakaa chumba kimoja.

Kenya walilifanyia kazi wazo hili kwa upana. Vituo vya Huduma, vilivyoanza mwaka 2013 Nairobi, vilikusanya huduma nyingi za serikali chini ya paa moja: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, leseni na kadhalika. Watumishi wake hawakushushwa kutoka mbinguni. Walitoka katika idara zilezile ambazo wananchi walizizoea kwa "njoo kesho." Lakini sasa walikaa kaunta za wazi, mwananchi na namba yake mkononi, hakuna mlango wa kufunga, hakuna faili la kuficha. Sisemi mambo yamekuwa shwari kote. Foleni zipo na malalamiko yapo. Ila aliyepanga foleni idara za zamani na pale Huduma anajua tofauti aliyoiona, na tofauti hiyo haikutokana na kubadilisha watu. Na nadhani kilichofuata kina uzito zaidi: mtu anayehudumia vizuri kwa sababu mpangilio unambana, baada ya muda huanza kujiona mtu anayehudumia vizuri. Tumezoea kuamini mtazamo hutangulia na tendo hufuata. Mara nyingi hutembea kinyumenyume. Mkono ukizoea, moyo hutafuta sababu ya kukubaliana nao.

Hayo yananirudisha kikobani, kwenye kitu nilichokiona siku ile na sikukitilia maanani. Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli tatu. Funguo zilishikwa na wanachama watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mhazini. Watu waliojuana tangu utotoni, wanaozikana na kuozana, bado waliweka kufuli tatu. Na hakuna aliyeona ni tusi. Mhazini yule, aliye mwaminifu kiasi kile, ndiye aliyekagua kama kufuli zimekaa sawa. Uaminifu wake na zile kufuli vilikuwa vinasaidiana: kufuli zilimlinda na vishawishi na masengenyo, nao uaminifu wake ulifanya kufuli zisiwe za bure.

Ofisini kwake kulikuwa na nini? Kulikuwa na bango la tunu sita za taasisi, limewekwa fremu. Kulikuwa na fomu za OPRAS, ule utaratibu wa wazi wa kupima utendaji ulioletwa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ripoti ya siri. Wazo lilikuwa jema sana: mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wapimane mwishoni. Mahali pengi fomu ilijazwa siku moja, malengo na matokeo kwa kalamu ileile, kwa sababu karani wa utumishi alizitaka kufikia Ijumaa. Mtu aliyefanya kazi sana na mtu wa koti walipata alama zinazokaribiana. Kisha zikaja nafasi za safari, na semina zenye posho, na hapo ndipo ofisi ilipotangaza tunu zake za kweli. Aliyekwenda ni nani? Wafanyakazi huisoma orodha ile kwa makini kuliko bango lolote. Ukitaka kujua taasisi inaamini nini, usiulize wameandika nini. Angalia safari ya mwisho walimpeleka nani, na yule aliyekataa kusaini malipo ya ovyo yuko wapi sasa.

Kwa hiyo ninapoulizwa na wakuu wa taasisi, na huwa naulizwa, tufanye nini ili wafanyakazi wabadilike mtazamo, jibu langu huwa linawachosha. Naanza na wao. Waziri anayefika saa tano hawezi kumfundisha mhudumu wa mapokezi thamani ya saa mbili. Halafu nawaomba wampe kila mfanyakazi sura ya mtu anayemtumikia. Karani anayeshughulikia mafao apelekwe akakae siku moja na mstaafu anayeyasubiri. Fundi wa maji apewe jina la mtaa, na mtaa upewe jina la fundi. Bwana wa koti alikuwa ananiambia hivyo hivyo: hela ikiwa na sura, hailali. Na nawaomba wamlinde anayezidi, yule mnoko, maana kundi litamshusha ndani ya mwezi mmoja akiachwa peke yake.

Hilo la mwisho nililiona likifanyika mara moja. Katika ofisi nyingine, nayo nisiitaje, masijala ilishikwa na mama mmoja karibu na kustaafu. Hakuna aliyemwagiza, lakini alikuwa na daftari la jalada gumu, alilonunua kwa fedha yake, na kila faili lililotoka alimwandika aliyelichukua, saa, na siku aliyoahidi kulirudisha. Siku ikifika alipanda ngazi kulifuata. Wakubwa walimwona msumbufu. Walimwita, kwa sauti ya chini, askari wa mafaili.

Kisha akaletwa mkuu mpya. Wiki yake ya kwanza, kabla hajaitisha kikao chochote, alishuka masijala, akavuta kiti akakaa, akasema, "Shikamoo mama. Naomba nilione hilo daftari lako." Wakalipitia pamoja karibu saa nzima. Baadaye mkuu alipotaka faili alilichukua mwenyewe, akaandikwa kama wengine, na aliposahau kulirudisha alifuatwa ofisini kwake kama wengine, watu wakiona.

Mama yule alistaafu siku nyingi. Juzi nilikuwa na shida pale, nikaomba faili langu kwa kijana aliyeichukua nafasi yake. Alifungua daftari, akashusha kidole kwenye mistari, akaniambia liko chumba namba nane tangu jana saa nane mchana, linatakiwa kurudi leo. Alisimama akaenda kulichukua. Juu ya jalada la daftari lile palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino: La nne.